Mrabaha, Makinikia na Masharti Hasi

Mshairi anapochapishiwa diwani yake huandikiwa mkataba, na ndani ya mkataba huo mna neno ambalo macho yake hulitafuta kabla ya mengine yote: mrabaha. Ni fungu lake katika mauzo, aghalabu fungu dogo, na mara nyingi huchelewa kufika. Neno hilo hilo, bila ya kubadilishwa hata herufi, ndilo linalotumika kwa malipo ambayo migodi ya Bulyanhulu, Mwadui na Geita huyatoa kwa Serikali kwa ajili ya dhahabu na almasi inayotolewa ardhini. Hivyo mshairi wa Unguja na shimo la Kahama wamekutana katika neno moja. Kwa Kiingereza wamekutana vilevile, katika neno "royalty".

Wengi wetu tuliyasoma maneno ya namna hii katika daftari la msamiati. Mstari ulipigwa katikati kwa rula, Kiingereza kikakaa kushoto na maana kulia. "Royalty" kushoto, mrabaha kulia, alama ya vyema kwa wino mwekundu, kisha neno la pili. Ndivyo tulivyofundishwa kuyajua maneno magumu ya Kiingereza, na si haba, kwani mitihani tulifaulu. Nia ya makala haya ni kulifungua tena daftari lile na kulisoma sambamba na historia ya ukanda wa madini, kutoka Shinyanga hadi Geita. Huko maneno haya hayakuwa ya mtihani. Yaliamua nani achimbe, nani aondoke, na mzigo gani upakiwe melini. Na kila nilipoyafuatilia nilikuta jambo lile lile: haki iliyokuwa ikigombewa ililala katika ile sehemu ya maana ambayo rula iliiacha upande wa kushoto.

Tuanze na hilo "royalty". Ndani yake amekaa mfalme, na si kwa mapambo. Mwaka 1568 Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alishitakiana na Thomas Percy, Earl wa Northumberland, juu ya mgodi wa shaba karibu na Keswick, kaskazini mwa nchi hiyo. Ardhi ilikuwa ya Earl. Wachimbaji walikuwa mafundi wa Kijerumani, walioletwa kwa idhini ya Malkia. Earl akadai kwamba shaba ni ya mwenye shamba. Upande wa Malkia ukajibu kwamba dhahabu na fedha, popote zilipo katika ufalme, ni mali ya taji, na kwamba katika shaba ile mlikuwa na chembe za madini hayo. Majaji wote waliafiki hoja ya kwanza. Wengi wao wakaenda mbali zaidi: mgodi wa madini duni, ukiwa na dhahabu au fedha ndani yake, basi wote pia ni wa taji. Earl akashindwa. Miaka minne baadaye alikatwa kichwa, ingawa hilo lilikuwa kwa kosa jingine, la uasi.

Namwomba msomaji aiweke akibani kesi hiyo ya shaba yenye dhahabu ndani, kwa sababu tutaikuta tena wilayani Kahama baada ya karne nne na nusu.

Kwa hiyo "royalty", kwa asili yake, ni kile anachopewa mfalme na mtu aliyeruhusiwa kuchimba kitu cha mfalme. Mwenye mali anachukua haki yake kabla faida haijahesabiwa, na anaichukua hata pale mchimbaji anapolia hasara. Sasa tutazame upande wa kulia wa daftari. Mrabaha umetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya faida ya biashara. Na kwa wanafikihi, murabaha ni mauzo ambayo muuzaji humtajia mnunuzi mtaji wake na faida aliyoiongeza juu. Ni neno la dukani na la forodhani, neno letu sisi watu wa majahazi. Lilipopewa kazi ya kutafsiri "royalty", mfalme aliachwa bandarini na mfanyabiashara akaendelea na safari ya bara. Tofauti hiyo si ndogo. Anayepokea "royalty" ni mwenye mali. Anayepokea mrabaha, kwa sikio la Kiswahili, ni mshirika anayegaiwa faida. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao waliuliza kwa miaka mingi, wala si kwa ujinga: ikiwa kampuni inatangaza hasara, mrabaha inautoa wapi?

Ni vyema kukumbuka jinsi Kiswahili chenyewe kilivyofika huko. Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilikitangulia kwa njia ya Tabora, na Kahama ilikuwa katika mapito ya kuelekea ziwani. Kisha ikaja serikali ya Waingereza, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930. Lakini mtoto wa Shinyanga huanza na Kisukuma nyumbani, hukutana na Kiswahili shuleni, na Kiingereza humsubiri kidato cha kwanza. Neno kama "royalty" humfikia likiwa limepita milango miwili, na katika kila mlango limevuliwa nguo moja. Sisi wa visiwani, ambao lahaja yetu imefanywa kipimo cha wote, hatuna budi kujiuliza tumewapelekea nini.

Mwadui ipo Shinyanga, katika wilaya ambayo leo ni Kishapu. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua hapo mwamba mkubwa wa almasi. Oktoba 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5. Williamson alilitoa kuwa zawadi ya arusi kwa binti mfalme Elizabeth, aliyeolewa mwezi uliofuata. Lilipokatwa na kung'arishwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likatiwa katika bizimu yenye umbo la ua. Tanganyika wakati huo ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Kwa Kiingereza neno "royalty" humaanisha pia watu wenyewe wa ukoo wa kifalme, nalo jiwe la Mwadui liliwaendea hao moja kwa moja, pasipo hesabu ya asilimia. Elizabeth wa Kwanza aliacha kanuni; Elizabeth wa Pili akapokea jiwe. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huo huo mgodi ukawa wa ubia wa nusu kwa nusu kati ya serikali na kampuni ya De Beers.

Dhahabu ya Geita iligunduliwa na Wajerumani mwaka 1898, ikachimbwa kwa wingi kuanzia miaka ya 1930, na mgodi ule ukafungwa 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kazi mwaka 2000, Geita ikiwa ingali wilaya ya Mwanza. Mkoa ulizaliwa 2012. Katika kipindi kilichokuwa katikati, na hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, dhahabu ya ukanda huo ilikuwa mikononi mwa watu wenye sururu, kamba na karai. Hao Kiingereza cha wataalamu huwaita "artisanal miners". Neno la kwanza katika hayo mawili linatokana na "artisan", yaani fundi: mtu mwenye mkono uliofunzwa, kama seremala au sonara. Kiswahili cha serikali kikawaita wachimbaji wadogo. Ufundi ukafutika, ukabaki udogo. Sidhani kwamba mtu yeyote alikusudia hivyo, lakini aliyekwisha kuitwa mdogo kwa jina huwa na kazi ya ziada anaposimama mbele ya mkubwa.

Agosti 1996, Bulyanhulu, wachimbaji hao waliondolewa katika eneo ambalo leseni yake ilikuwa ya kampuni ya Kahama Mining Corporation, iliyomilikiwa na Sutton Resources ya Kanada. Yaliyodaiwa kutokea katika siku zile, hasa madai ya watu kufukiwa mashimoni, yalibishaniwa kwa miaka mingi ndani na nje ya nchi, na makala haya hayana uwezo wa kuyaamua. Ninachokitazama ni maneno. Mtu aliyekuwa mchimbaji jioni, asubuhi alipambazukiwa akiwa mvamizi. Si mkono wake uliobadilika wala shimo lake. Kilichobadilika ni karatasi iliyokuwa ikisomwa, nayo ilikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1999 kampuni ya Barrick iliinunua Sutton, na mgodi wa chini ya ardhi ukaanza uzalishaji mwaka 2001.

Baina ya matukio hayo ilitungwa Sheria ya Madini ya mwaka 1998. Mrabaha wa dhahabu uliwekwa kuwa asilimia 3. Hilo kila gazeti liliandika. Ambalo halikuandikwa sana ni asilimia 3 ya nini. Sheria ilisema ni ya "netback value", neno ambalo halimo katika daftari la mwanafunzi yeyote niliyepata kumjua. Maana yake ni thamani ya madini sokoni baada ya kutoa gharama za kuyasafirisha, kuyakatia bima, na kuyayeyusha na kuyasafisha huko yaendako. Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Dhahabu ya shilingi 100, yenye gharama hizo za shilingi 5, hutozwa mrabaha juu ya shilingi 95, na serikali hupata shilingi 2 na senti 85. Kadiri gharama zilivyoandikwa kubwa, ndivyo mrabaha ulivyopungua. Na mwandishi wa gharama alikuwa nani? Sheria ya mwaka 2010 ilipandisha kiwango kuwa asilimia 4, na wengi walishangilia hiyo moja iliyoongezeka. Lakini badiliko zito zaidi lilikuwa katika neno: "netback" liliondolewa, likawekwa "gross", ambalo kwa Kiswahili ni thamani ghafi. Hapo kwa mara moja tafsiri yetu ilikuwa bora kuliko asili. Ghafi ni kitu ambacho hakijaguswa na mkono, na ndivyo hasa sheria ilivyotaka: thamani ambayo hajaigusa mtu.

Kilichosukuma badiliko hilo ni mjadala wa mwaka 2007, uliowasha moto bungeni na mitaani. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, nao wilayani Kahama, ulitiwa saini London mwezi Februari mwaka huo. Agosti, mbunge kijana wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, akauhoji bungeni, na akasimamishwa kuhudhuria vikao. Novemba ikaundwa kamati chini ya Jaji mstaafu Mark Bomani, ikatoa taarifa yake mwaka uliofuata. Mwananchi wa kawaida, ambaye mkataba wenyewe hakuuona, aliyapata maneno yake kwa vipande kupitia redio. Katika vijiwe vya kahawa vya Kahama na vya Darajani, watu walianza kuuliza neno hili maana yake nini kwa namna ambayo shule haikuweza kuwafanya waulize.

Basi yakaja makinikia.

Machi 2017 Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato katika mkoa wa Geita, alipiga marufuku kusafirisha nje kile ambacho watu walikiita mchanga wa dhahabu. Makontena 277 yalizuiliwa Dar es Salaam. Kabla ya siku hizo neno makinikia halikuwa katika midomo ya watu. Baada ya wiki chache lilikuwa kwenye khanga, kwenye mizaha ya arusi na kwenye mahubiri. Sikumbuki neno jingine la kitaalamu lililopanda chati kwa kasi ile.

Ni kitu gani? Bulyanhulu na Buzwagi, dhahabu imefungamana na shaba katika mwamba mmoja. Sehemu ya dhahabu hupatikana papo hapo na kumiminwa kuwa mikuo. Sehemu nyingine haiachani na shaba kwa urahisi. Mwamba husagwa uwe unga, unga hutiwa katika maji yenye dawa na kupulizwa hewa, povu huinuka likiwa limebeba chembe zenye madini, povu hukusanywa na kukaushwa. Unga huo mzito ndio uliojazwa katika makontena na kupelekwa kuyeyushwa ng'ambo, Japani, China au Ujerumani. Kwa Kiingereza ni "concentrate". Si mchanga, na si dhahabu.

Neno hilo la Kiingereza maana yake ya asili ni kuleta pamoja katika kitovu kimoja. Kutokana na hapo likazaa maana mbili: kukoleza kitu mpaka kiwe kizito, na kuikusanya akili mahali pamoja, kama mwalimu anapomwambia mwanafunzi "concentrate!" Kiswahili kina maneno ya maana ya kwanza: kukoleza, kukolea, mkolezo. Kwa maana ya pili kina makini, na makinika. Kwa dhana yangu, na naisema kama dhana tu, aliyeunda makinikia alishika tawi la pili akalipachika kwenye kazi ya la kwanza. Akili ya mwanafunzi ikawa jina la unga wa shaba. Sarufi nayo ikayumba kidogo: tunasema makinikia haya, makinikia yaliyozuiliwa, kana kwamba kuna kinikia moja, na hakuna.

Mwanaisimu ataweza kuliita kosa. Mimi silioni hivyo tena. Jina la kwanza, mchanga wa dhahabu, lilikuwa limeleta hoja yake: ikiwa ni mchanga, unapakiwaje melini kwa gharama yote ile? Na ikiwa ni wa dhahabu, mbona wasema dhahabu iliyomo ni kidogo? Kampuni ya Acacia, iliyoendesha migodi hiyo, ilishikilia kwamba ni "concentrate" ya shaba yenye dhahabu kiasi, na kwamba kila kilichomo kilitangazwa. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliyotoa taarifa Mei 24, ilisema kilichomo ni kingi mno kuliko kilichotangazwa. Kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata Juni 12 kwa hesabu za uchumi na sheria. Acacia ilizikana zote mbili. Julai ikaletewa madai ya kodi ya dola za Marekani bilioni 190. Taifa zima, kutoka kwa dereva wa daladala hadi kwa maulamaa, lililazimika kujifunza neno moja gumu la Kiingereza na kubishana juu ya maana yake, na kwa hakika neno lililopatikana kulitafsiri lilikuwa lile lenye amri ya kumakinika ndani yake.

Hapo ndipo naikumbuka Keswick. Shaba yenye dhahabu. Wageni wenye ufundi. Mgogoro juu ya ni kipi kikubwa na ni kipi kiambata. Majaji wa 1568 walikata fundo kwa jibu moja: chembe ya dhahabu inatosha kuufanya mgodi wote uwe wa taji. Dola ambayo baadaye ilitutawala na kutuachia msamiati wa sheria za madini ilikuwa na kumbukumbu hiyo ndani ya neno lenyewe. Sisi tuliachiwa neno, na kumbukumbu ikabaki kwao.

Julai 2017 Bunge lilipitisha sheria tatu kwa haraka, na majina ya mbili yanastahili kusomwa kwa sauti kama mtu anavyosoma beti. Ya kwanza ni Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili. Kiingereza chake kina "permanent sovereignty", maneno yaliyotoka katika azimio la Umoja wa Mataifa namba 1803 la Desemba 14, 1962. Neno la kudumu halikuingia katika jina la Kiswahili, nasikitika. Lakini tazama yaliyoingia. Mamlaka na umiliki ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, ule ule unaozaa milki na malkia, na ambao kwao mfalme huitwa maliki. Yule mfalme tuliyemwacha bandarini tulipouita "royalty" mrabaha, kumbe alikuwa amekwisha kuingia nchini kwa mlango mwingine, akakaa kimya ndani ya maneno tunayoyatamka kila siku ofisini na mahakamani. Kuandika mamlaka ya nchi kuhusiana na umiliki ni kumrudisha mwenye mali mara mbili katika mstari mmoja, safari hii akiwa ni nchi.

Jina la pili halikubahatika vivyo. Ni sheria ya kupitia na kujadili upya masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Kwa Kiingereza masharti hayo ni "unconscionable". Hili ni neno zito kuliko yote niliyoyataja. Kiini chake ni dhamiri. Limelelewa katika mahakama za Uingereza ambazo Chansela, zamani aghalabu padri, alisikiliza mashauri ya watu waliofungwa na mikataba halali kwa herufi lakini isiyovumilika kwa dhamiri ya mtu mwadilifu: mnyonge aliyetia saini kwa dhiki, au kwa kutojua, au kwa kuaminishwa. Jaji akiliita sharti "unconscionable" anamnyooshea kidole aliyeliandika. Hasi ni alama ya kutoa katika hesabu, kinyume cha chanya. Haimtuhumu mtu. Aliyeitia saini sheria hiyo alipata kuwa mwalimu wa kemia na hisabati Sengerema, na kwake yamkini alama ya kutoa ilitosha. Mfugaji wa Kisukuma naye analijua neno hasi kwa namna yake, kwani fahali akihasiwa huwa maksai. Na huenda masikio yake yalipata maana iliyo karibu zaidi na ukweli kuliko ya wanahisabati. Hata hivyo dhamiri ilibaki kushoto ya rula.

Katika sheria ya tatu mrabaha wa dhahabu ulipanda hadi asilimia 6, na Serikali ikapewa angalau asilimia 16 ya hisa katika kampuni za migodi, hisa ambazo zikaja kuitwa zisizofifishwa. Kiingereza kilisema haziwezi kutiwa maji. Mtu wa pwani, aliyezoea kuzimua, angesema hisa zisizozimuliwa, na angeeleweka upesi. Lakini kufifia ni neno zuri pia, la taa na la rangi ya nguo.

Oktoba 2017 Barrick, iliyokuwa na hisa nyingi katika Acacia, ilikubali kwamba zitalipwa dola milioni 300 kuonesha nia njema wakati mazungumzo yakiendelea. Kiingereza cha mikataba kina msemo wake wa nia njema. Kiswahili cha mezani kikaleta wake: kishika uchumba. Naam, hapa hapakuhitajika kamusi. Kila mwanamke wa Ng'ambo na wa Mkunazini anajua kishika uchumba ni nini, na anajua zaidi kwamba si mahari, na kwamba mchumba anayechelewa kukileta huwaacha watu wakisemezana barazani. Kilichelewa kweli. Barrick ilizichukua hisa zote za Acacia Septemba 2019, na mkataba wa kumaliza mgogoro ulitiwa saini Januari 24, 2020, ukiwa na kampuni ya ubia iliyopewa jina la Twiga, asilimia 84 kwa 16. Dola hizo milioni 300 ziliingizwa humo.

Mwisho wa mambo haya ulifika mahakamani, na katika mgodi mwingine wa ukanda huo wa ziwa. Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika kwa Kiswahili uamuzi wa shauri lililouhusu mgodi wa North Mara. Februari 1, 2021, katika Siku ya Sheria, Dodoma, Rais Magufuli alimsifu kwa hilo na kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huo huo sheria ilibadilishwa, na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo watafsiri wana kazi ya kuyapitia maelfu ya maneno kama haya, na hakuna wa kuwaonea wivu. Hofu yangu ni kwamba watapewa daftari lile lile lenye mstari katikati. Hawahitaji orodha ndefu zaidi. Wanahitaji muda wa kuliuliza kila neno la Kiingereza limetoka kwa nani, lilimnyima nani, na kesi gani imelala ndani yake.

Na huenda wangefaidika kwa kuwasikiliza wale walioitwa wadogo. Mchimbaji wa Rwamgasa au Nyarugusu hakusubiri kamati. Shimo lake ni duara, na kwa duara humaanisha pamoja na shimo hilo watu wake, zamu zao na mgao wao. Mashine ya kusagia mawe, "crusher", ameifanya karasha na wingi wake makarasha. Mahali pa kuoshea unga wa mawe ni mwalo, neno la wavuvi wa ziwani lililopanda mlimani. Na yale mabaki yanayobaki baada ya kuosha, ambayo Kiingereza huyaita kwa neno lenye mkia ndani yake, "tailings", kitu cha nyuma, cha kutupwa, naye akayaita marudio. Hayakwisha, mtu atayarudia. Kiswahili cha magazeti kilipoyataja mabaki ya migodi mikubwa, kama pale ukingo wa bwawa la Mwadui ulipopasuka Novemba 2022, kilisema majitope. Kwa mchimbaji wa duara yana mwenyewe, yana bei, na watu hugombana juu yake.

Machi 2019 lilifunguliwa Geita soko la kwanza la madini nchini. Muuzaji hufika na punje zake zilizofungwa katika karatasi, zikapimwa mbele yake, na stakabadhi ikaandikwa. Siku zile za mwanzo stakabadhi ilikuwa na mistari mitatu ya makato: mrabaha asilimia 6, ukaguzi asilimia 1, na ushuru wa huduma wa halmashauri asilimia 0.3. Maneno yote matatu ni ya Kiswahili. Marudio yake ameyaacha nyumbani, lundo la rangi ya kijivu nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai dhidi ya mvua.